Mgombea Asiye na Jalada

Mwezi Agosti 2022, watafiti wa kamati ya chama cha Democratic inayosimamia kampeni za Baraza la Wawakilishi la Marekani walikamilisha ripoti ya kurasa 87. Ilimhusu mgombea wa Republican katika jimbo la 3 la New York, jimbo linaloshika kipande cha Queens na eneo kubwa la Long Island. George Santos alikuwa na miaka 34 na hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa umma. Hakuna muswada aliouunga mkono, bajeti aliyoipitisha wala mkataba aliousaini. Kilichokuwepo ni simulizi lake mwenyewe: amehitimu Baruch College, amefanya kazi Citigroup na Goldman Sachs, ameanzisha shirika lililookoa maelfu ya mbwa na paka, babu na bibi yake waliwakimbia Wanazi. Ripoti ile iligusa mengi. Shahada na ajira za benki zikapita bila kujaribiwa.

Novemba 8, Santos alimshinda Robert Zimmerman wa Democratic kwa tofauti ya takriban asilimia 8. Desemba 19, gazeti la New York Times likachapisha habari ambayo waandishi wake, Grace Ashford na Michael Gold, waliipata kwa njia ya kawaida kabisa: waliwauliza wahusika. Chuo hakikuwa na kumbukumbu ya mhitimu huyo. Benki zote mbili hazikuwa na kumbukumbu ya mfanyakazi huyo. Mamlaka ya kodi haikuwa na usajili wa shirika lile la wanyama. Wiki moja baadaye, Santos alikiri kwa gazeti la New York Post kwamba hakusoma chuo chochote hadi kuhitimu.

Kuchimba habari za mpinzani ni kazi halali na ya kila siku katika siasa za Marekani. Kampeni yenye fedha huajiri watu wa kusoma nyaraka, na wengi wao hawajulikani hata kwa majina. Akiwa anachunguzwa mbunge wa siku nyingi, kazi huanza na kura zake bungeni, safari zake, wachangiaji wake na hotuba zake. Mgeni wa siasa huonekana hana cha kusomwa. Mhadhara huu unashikilia kinyume chake: asiye na rekodi ya uongozi ana rekodi ya maisha, tena iliyoandikwa na watu wasiomjua wala kumpenda. Mahakama inayo, msajili wa kampuni anayo, ofisi ya ardhi inayo, daftari la wapiga kura linayo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwenda kaunta kuiomba.

Mwaka 1994 Seneta Ted Kennedy wa Massachusetts alikutana na mpinzani wa aina hiyo. Mitt Romney alikuwa na miaka 47, tajiri, mtanashati, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital, na hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Mwezi Septemba kura za maoni ziliwaonyesha wako bega kwa bega, jambo ambalo halijawahi kumpata Kennedy katika uchaguzi wa useneta. Watu wa Kennedy hawakuwa na kura za Romney za kupekua, basi wakapekua biashara zake. Wakafika Marion, Indiana, mji mdogo ulio mbali na Boston na usiokuwa na mpiga kura hata mmoja wa Massachusetts. Huko, kampuni ya vifaa vya ofisi ya Ampad, iliyokuwa chini ya Bain tangu 1992, ilikuwa imenunua kiwanda mwezi Julai, ikawaachisha kazi wafanyakazi na kuwataka waombe upya kwa masharti duni. Wafanyakazi wakagoma. Kampeni ya Kennedy ikawapeleka wapiga picha.

Matangazo yaliyotoka huko hayakuhitaji mtangazaji. Wafanyakazi wenyewe walitazama kamera na kueleza walichopoteza, na mwezi Oktoba baadhi yao walikuja Massachusetts kumtafuta Romney uso kwa uso. Alijitetea kwamba alikuwa amechukua likizo Bain kabla ya kiwanda kununuliwa. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia, kwa sababu alikuwa anajinadi kwa rekodi ya Bain kama mtu anayejua kutengeneza ajira. Kennedy alishinda kwa asilimia 58 dhidi ya 41. Hapo ndipo ilipo kanuni ya kwanza ya kazi hii: sehemu ya kuanzia kuchimba ni pale mgombea anapojisifu. Mwaka 2012, Romney akigombea urais, kampeni ya Barack Obama ilirudi kwenye mgodi uleule.

Afrika Mashariki inamfahamu Meg Whitman kama balozi wa Marekani nchini Kenya kuanzia 2022 hadi 2024. Miaka 12 kabla ya kufika Nairobi, alikuwa mkuu wa zamani wa kampuni ya eBay anayegombea ugavana wa California bila kuwahi kushika ofisi ya umma. Gazeti la Sacramento Bee lilikwenda kwenye madaftari ya wapiga kura, likakuta kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima hakuwa mpiga kura. Akaomba radhi. Mwezi mmoja na kitu kabla ya uchaguzi, aliyekuwa mfanyakazi wake wa ndani kwa miaka tisa akajitokeza hadharani kusema kwamba alifanya kazi hiyo bila vibali vya kuishi nchini. Whitman alitumia zaidi ya dola milioni 140 za mfukoni mwake na akashindwa na Jerry Brown.

Kwa mifano hiyo, kisa cha Santos kinashangaza zaidi. Nyaraka hazikufichwa, na wapo waliozisoma mapema. Katika fomu ya mwaka 2020, alipogombea mara ya kwanza na kushindwa na Tom Suozzi, alitaja mapato ya dola 55,000. Katika fomu ya 2022, iliyowasilishwa kwa kuchelewa, alitaja mshahara wa dola 750,000 kutoka kampuni yake mwenyewe, pamoja na gawio la zaidi ya dola milioni moja. North Shore Leader, gazeti dogo la kila wiki la Long Island, liliweka fomu hizo mbili pamoja mwezi Septemba na kuuliza utajiri huo umetoka wapi. Mchapishaji wake, Grant Lally, ni Republican aliyewahi kugombea ubunge kwa tiketi ya chama hichohicho, hivyo hapakuwa na chuki ya kichama. Oktoba gazeti likamuunga mkono Zimmerman. Vyombo vikubwa vilivyo umbali wa safari ya treni tu havikuitikia.

Wengine walijua zaidi. Mwishoni mwa 2021 kampeni ya Santos yenyewe iliagiza achunguzwe, kama ilivyo desturi ya kampeni makini: unamlipa mtu akutafutie uchafu wako kabla adui hajaupata. Matokeo yaliwatia hofu washauri wake. Kulikuwa na madai ya shahada yasiyo na msingi, kesi za kufukuzwa kwenye nyumba kwa kodi, na kazi yake katika Harbor City Capital, kampuni ya Florida iliyoshtakiwa na mamlaka ya masoko ya mitaji kwa upatu wa kitapeli. Wakamshauri ajitoe. Akakataa, akabishia matokeo, na baadhi yao wakaondoka. Waliondoka kimyakimya. Hapo ndipo penye lawama kubwa kuliko ile ya kurasa 87, maana mtafiti wa upande wa pili alikosea kwa kutojua, na hawa walinyamaza wakijua.

Hata hivyo, ni haki kuuliza kwa nini watu wa Democratic, waliokuwa na kila sababu ya kutafuta, hawakutafuta hadi mwisho. Ripoti yao ilikuwa imeshaona kesi za nyumba, Harbor City na utata wa usajili wa shirika la wanyama. Sababu moja ni kalenda: baada ya mahakama kuvuruga ramani za majimbo, kura za mchujo zilisogezwa hadi Agosti 23, na Zimmerman akabaki na wiki 11. Fedha zake chache zikaenda kwenye matangazo. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Watafiti walikuwa wameshapata silaha walizozitaka, yaani kauli za Santos kuhusu utoaji mimba na kuhusu vurugu za Januari 6, 2021 bungeni. Mwindaji aliyekwisha kuua swala hafuati nyayo za chui. Ripoti ikawa imejaa maneno ya mgombea, ilhali tatizo la mgombea lilikuwa maisha yake.

Baada ya Desemba, kila aliyepekua alipata kitu. Kumbukumbu za ukoo zilionyesha babu na bibi waliosemwa kuwakimbia Wanazi walizaliwa Brazil. Nyaraka za uhamiaji zilionyesha kuwa mama yake, aliyedaiwa kuwa ndani ya minara ya New York Septemba 11, 2001, hakuwa Marekani siku hiyo. Taarifa za matumizi ya kampeni zilikuwa na malipo kadhaa ya dola 199.99, wakati kanuni zinadai stakabadhi kwa kinachozidi dola 200. Mtu mmoja mwenye jicho la mhasibu angetosha kushtuka. Baraza lilimfukuza Desemba 1, 2023 kwa kura 311 dhidi ya 114, akawa wa sita kufukuzwa katika historia ya Baraza hilo. Alikiri makosa mahakamani Agosti 2024 na Aprili 2025 akahukumiwa miezi 87 gerezani, idadi sawa na kurasa za ripoti ile. Oktoba mwaka huohuo Rais Donald Trump akampunguzia adhabu na kumtoa.

Kazi hii ina mpaka, na mpaka huo hauko wazi kila mara. Mwaka 2004 Jack Ryan, mwanabenki aliyeacha Goldman Sachs (kweli, huyu) akaenda kufundisha shule ya sekondari Chicago, aligombea useneta wa Illinois. Hakuwa na rekodi ya uongozi. Alikuwa na jalada la talaka lililofungwa katika mahakama ya Los Angeles. Gazeti la Chicago Tribune na kituo cha televisheni cha WLS waliomba lifunguliwe. Ryan na aliyekuwa mke wake walipinga wakitaja maslahi ya mtoto wao. Jaji akafungua sehemu kubwa, yakatoka mambo ya chumbani, na Juni 25 Ryan akajitoa. Obama, aliyekuwa mpinzani wake wa Democratic, aliingia Seneti kwa asilimia 70 ya kura. Ni vigumu kuona wapiga kura wa Illinois walijifunza nini kuhusu uwezo wa Ryan kutunga sheria. Shahada ya uongo ni dai lililotolewa kwa mpiga kura ili apige kura. Ugomvi wa ndoa haukudaiwa kwa mtu yeyote.

Upande mwingine wa mpaka huo ni uvumi. Waraka wa Christopher Steele, jasusi wa zamani wa Uingereza, kuhusu Trump na Urusi, uliolipiwa mwaka 2016 kwa fedha za Democratic kupitia kampuni ya mawakili, ulijaa maelezo ya watoa habari wasiotajwa. BuzzFeed iliuchapisha Januari 10, 2017. Mengi ndani yake hayakuthibitishwa, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliipiga faini kamati kuu ya chama dola 105,000 na kampeni ya Hillary Clinton dola 8,000 kwa kuandika malipo hayo kana kwamba ni huduma za kisheria. Mtafiti wa Kennedy alileta wafanyakazi wenye majina na kiwanda chenye anwani.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Katiba ya Tanzania, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyefikisha miaka 21, mwanachama wa chama aliyependekezwa na chama chake, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Zoezi la uhakiki la 2017 liliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, lakini wabunge, mawaziri na wakuu wa wilaya hawakuguswa, kwa hoja kwamba nafasi za kisiasa hazidai zaidi ya kusoma na kuandika. Kenya inamtaka mgombea ugavana awe na shahada, na mwaka 2022 shahada ya mgombea wa Nairobi, iliyodaiwa kutolewa na chuo cha Kampala, ilizua shauri hadi mahakamani. Sheria ya Tanzania haidai shahada, lakini mgombea anayeitaja kwenye bango ameidai mwenyewe.

Ombi la mhadhara huu linawahusu wahariri na wanafunzi wa uandishi wa habari. Fomu za uteuzi zikibandikwa, chukueni wagombea wapya watatu wa mkoa wenu. Kwa kila mmoja, orodhesheni anachojivunia: chuo, kampuni, taasisi ya hisani, cheo alichostaafu nacho. Andikeni barua kwa msajili wa kila kimoja, subirini majibu, na muyachapishe kabla ya siku ya kura, hata yale yanayothibitisha kuwa mgombea alisema kweli.