Wasafiri wa Shaba wa Marseille



Mwaka 2013, Marseille ulipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, waliopita bandarini mwa mji huo wa Ufaransa walikutana na abiria kumi wa shaba. Kila mmoja ana kimo cha mtu na mzigo wake wa safari. Lakini kifua, tumbo na pengine mkono mzima havipo. Mahali palipostahili moyo pameachwa wazi, na mtazamaji aona bahari upande wa pili.

Sanamu hizo, ziitwazo Wasafiri, ni kazi ya Bruno Catalano. Azionaye mara ya kwanza hushtuka, kwani kichwa na mabega vyaelea kana kwamba kuna uchawi. Katika nyingi, siri imo katika begi: juu limeungana na mkono, chini na mguu, nalo ndilo libebalo uzito wote. Udongo ungevunjika, shaba iliyochanganywa na bati huhimili. Basi ni mzigo unaomshikilia msafiri.

Catalano alizaliwa Khouribga, Morocco, mwaka 1960, katika familia yenye asili ya Sisilia. Akiwa mtoto alihamia Ufaransa, na baadaye akawa baharia. Tundu lenyewe lilitokana na kasoro ya sanamu mojawapo. Mwingine angeiyeyusha upya, yeye akalipanua.

Wapo wasemao kwamba uwanja wa umma si mahali pa maumbo ya kutisha. Hoja hiyo ina uzito: aingiaye makumbusho amechagua kuingia, ilhali mama aendaye sokoni na mwanawe hakuchagua. Hata hivyo, Marseille ni mji wa watu waliofika kwa meli, na kwa wengi wao pengo lile halikuhitaji mfasiri. Zingewekwa mbele ya hospitali, pengine zingekuwa ukatili mtupu.

Lipo pia suala la wezi, ambalo wapenzi wa sanaa hulisahau. Desemba 2005, huko Hertfordshire, Uingereza, sanamu ya shaba ya Henry Moore yenye uzito wa zaidi ya tani 2 ilipakiwa kwenye lori kwa kreni na kutoweka. Polisi waliamini iliyeyushwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa sehemu ndogo sana ya thamani yake. Kwa sababu hiyo, gharama za ulinzi na msingi wa zege huingizwa katika makadirio kabla shaba haijamiminwa.