Namba 404 Si Alama za Mtoto



Juzi mama mmoja alikuja darasani kwetu analia, simu mkononi. Alikuwa anatafuta matokeo ya mtihani ya binti yake, simu ikamwandikia 404. Akadhani mtoto kafeli. Basi tukaona tulizungumze jambo hili.

Ukiandika anwani ya tovuti, simu hupeleka ombi kwa kompyuta ya mbali iitwayo seva. Seva hujibu kwa namba yenye tarakimu tatu. Mambo yakiwa sawa hujibu 200, lakini hiyo huioni, unaona ukurasa tu.

Itazameni tarakimu ya kwanza. Ikiwa 4, kasoro iko kwenye ombi. 404 maana yake ukurasa huo haupo kwenye anwani hiyo. Mama yule aliruka herufi moja tu, mwishoni! Ikiwa 5, kasoro iko kwa seva yenyewe. 503 huweza kutokea watu wengi wanapoingia kwa pamoja, kama foleni ya mashine ya kusaga. Hapo ngoja, ujaribu baadaye. Usimlipe mtu eti akufungulie.

Ipo na 301. Hii husema ukurasa umehama kabisa, na simu huenda yenyewe kwenye anwani mpya bila kukuuliza. 302 ni kuhama kwa muda. Hapa muwe macho, maana matapeli nao huwapeleka watu kwingine namna hiyo hiyo. Kabla ya kuandika namba ya siri, isome tena anwani iliyo juu, herufi kwa herufi. Kusoma si tunajua?

Binti yule kapata daraja la pili.