KUTENGANA KWETU KUNAMFAA NANI? Maneno kwa Watu wa Kalembe



Tumeombwa kusema juu ya jambo la kutenganisha watu. Labda wengine wenu mlidhani tutasema juu ya Wazungu tu, maana hilo ni jepesi na kila mtu hulipigia makofi. Tutalisema, lakini kwa ufupi, kwa kuwa Mzungu alikwisha kwenda na sisi ndio tuliobaki.

Mnajua jinsi wazazi wetu walivyoishi chini ya Bulamatari. Mji mmoja ulikuwa miji miwili. Huko Costermansville, ambayo leo ni Bukavu, Mzungu alikaa penye upepo wa ziwa, na Mwafrika akawekwa Kadutu. Huko Elisabethville, yaani Lubumbashi, waliacha ukanda mtupu wa kama mita 700 kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakasema mbu wa malaria hawezi kuruka mbali kiasi hicho. Lakini mpishi na boi walilala uani kwa bwana wao, na mbu wa hao hakuna aliyewaogopa! Kisha mwaka 1948 ilikuja kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 cheti kingine cha juu zaidi, cha yule aliyeitwa mstaarabu. Wakaguzi waliingia nyumbani mwa mtu kutazama vyombo vyake, choo chake, na namna mkewe anavyokaa mezani. Mpaka mwaka 1958, waliopewa cheti hicho katika Kongo nzima hawakufika 300. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Wabelgiji ilishuka, na ukuta huo ukakosa mwenyewe.

Basi na tuuache. Uko ukuta wa pili, naye Mbelgiji ndiye aliyeweka mawe ya kwanza, lakini kuujenga tumeujenga sisi.

Alichora mpaka kati ya Masisi na Walikale, akasema hapa ni pa kabila hili, pale ni pa kabila lile, kila kabila na chifu wake. Kalembe imekaa juu ya mpaka huo. Kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 akahamisha watu kutoka Rwanda, wapata 85,000, akawaleta Masisi. Kule alitaka kupunguza msongamano na njaa, na huku alitaka mikono ya kulima mashamba ya walowezi. Akawafanyia uchifu wao katika Gishari, halafu mwaka 1957 akaufuta mwenyewe. Mhunde wa kijijini hakuulizwa kama anaitoa ardhi, na yule aliyepakiwa motokaa kutoka Rwanda hakuulizwa kama anapenda kuwa jirani wa nani. Tena tusisahau kwamba wasemaji wa Kinyarwanda wengine walikuwa Rutshuru kabla Mbelgiji hajafika kabisa. Mambo haya hayakuwa mepesi hata siku hiyo.

Tulipojitawala, je, tulinyoosha? Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia. Mwaka 1981 sheria nyingine ikawanyang'anya. Mwaka 2004 ikaja nyingine kurekebisha. Mtu hakuhama nyumba, hakubadili shamba, naye amelala raia akaamka mgeni, kisha akaambiwa ni raia tena. Mwaka 1973 serikali ilisema ardhi yote ni mali yake, na wenye karatasi wakachukua milima mizima ya Masisi kulisha ng'ombe. Waliopoteza walikuwa wakulima wa makabila yote. Lakini mkulima hakumwona mwenye karatasi, aliyekuwa Kinshasa. Alimwona jirani yake mwenye lugha nyingine, akamkasirikia yeye.

Mwezi wa Machi 1993, huko Ntoto katika Walikale, watu walishambuliwa sokoni. Sokoni, wananchi! Mahali pekee ambapo hakuna aliyeuliza kabila la anayeuza chumvi. Kwa majuma machache Masisi nzima ilikuwa moto, na maelfu wakafa, Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi. Mwezi wa Oktoba 2024 vita vilifika Kalembe penyewe, M23 upande mmoja na Wazalendo upande mwingine. Kila wenye bunduki walisema wanalinda watu wao. Sisi tuliona barabarani watu wao hao, wa pande zote, godoro kichwani na mtoto mgongoni.

Na aliyebeba godoro hilo ni nani? Hapa tunafika kwenye ukuta wa tatu, na tunajua wababa wengine hawatapenda.

Mwezi wa Mei 1960, Kongo ilipochagua wabunge wake wa kwanza, waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Sophie Kanza aliingia serikalini mwaka 1966, waziri wa kwanza mwanamke, na haki ya kura ilikuja na katiba ya mwaka 1967. Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kwenda kortini au kuuza mali. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2016 tu. Mbelgiji yeye alikuwa akimtoza kodi mwanamke aliyeishi mjini bila mume, na huko Usumbura, mtaa wa Buyenzi, wajane Waislamu waliikataa kodi hiyo kwa kinywa chao wenyewe.

Tuseme ya kwetu. Mwanamke wa Kalembe anauza maharagwe na mihogo, anasikia Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, anajua nani anamdai nani. Amezaliwa Mnyanga, ameolewa kwa Wahutu: ndugu zake wako upande huu, watoto wake upande ule. Siku wazee wanapokaa barazani kusema nani aondoke na nani abaki, yeye yuko jikoni akiwapikia wageni. Yule mmoja ambaye kutengana kunampasua katikati ndiye asiyeulizwa!

Tunaambiwa ni mila. Mila ipi? Ile aliyoiandika Mbelgiji katika daftari baada ya kuwauliza wanaume peke yao? Wazee wetu watuwie radhi, lakini tunauliza.

Wakimbizi wa Goma walivunjiwa kambi zao mwezi wa Februari 2025, na wengi wakaambiwa warudi walikotoka. Wanaorudi watakuta mtu mwingine analima shambani mwao. Hapo ndipo tunapoomba mambo mawili. Kesi ya shamba isisikilizwe na wazee wa kabila moja. Na yule mama aliyelishika jembe katika shamba hilo miaka kumi au ishirini aje kusema mpaka ulipita wapi, mti gani, jiwe gani, maana mara nyingi mumewe anajua jina la kilima tu.

Na mnapopanga siku ya baraza, msiipange siku ya soko. Siku hiyo wamama hawapo, na ninyi mnajua hivyo.