Kabla ya Kugeuza Mchezo wa Jukwaani Kuwa Filamu

Hotuba ya afisa wa utamaduni kwa vikundi vya maigizo vya vijana

 

Wengi wenu mna mchezo wa vichekesho wenye nyimbo, umeshangiliwa kumbini, na sasa mnataka uwe filamu. Mnaniuliza kama haitoshi kuweka kamera mbele ya jukwaa. Nitawajibu kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1982, jijini New York, ulianza mchezo wa aina hiyo uitwao Little Shop of Horrors. Howard Ashman aliuandika, naye Alan Menken akatunga muziki. Seymour, kijana maskini wa duka la maua, anapata mmea unaokula watu. Mmea unamletea sifa, naye anaendelea kuulisha. Mwishowe unammeza mpenzi wake, Audrey, kisha yeye mwenyewe. Watazamaji walicheka, na mchezo ukadumu jukwaani hadi 1987.

Filamu yake ilitoka mwaka 1986, ikiongozwa na Frank Oz. Ashman ndiye aliyeandika muswada. Ellen Greene, aliyeigiza Audrey jukwaani, alichukua nafasi ile ile. Hata mwisho wa kusikitisha ulibaki. Lakini ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, watu waliofurahia nyimbo walinyamaza wapenzi wale walipokufa. Ilibidi mwisho upigwe picha upya, Seymour na Audrey wakanusurika.

Kwa nini? Oz alieleza kwamba jukwaani, mwigizaji aliyekufa hutoka tena mwishoni kuwainamia watazamaji. Unamwona mzima, unampigia makofi, unaenda nyumbani ukicheka. Kwenye filamu harudi. Tena kamera imeuleta uso wake karibu nawe, nawe umeshampenda.

Kwa hivyo, vijana, jiulizeni: ni kitu gani ambacho ukumbi uliwapa, na kamera haitawapa? Jukwaani mnasubiri kicheko kiishe ndipo mseme neno linalofuata; mkisubiri hivyo mbele ya kamera, mtabaki na kimya kitupu. Jukwaani mnapaza sauti na kutanua mikono ili aliye nyuma aone. Kwenye skrini, kupepesa jicho kunatosha.

La mwisho ni pesa. Studio kubwa iliweza kugharimia mwisho mwingine. Ninyi mnategemea mchango wa kikundi, na ukiisha umeisha. Basi rekodini onyesho la mwisho kwa simu kwanza, muwaonyeshe majirani ambao hawakuuona mchezo jukwaani, kisha mkae kimya mtazame nyuso zao. Wakinuna pale mlipotarajia wacheke, rekebisheni kabla hamjakodi kamera.

Na kabla ya kuionyesha filamu hadharani, ipelekeni kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB. Kama wimbo si wenu, ombeni idhini ya mwenyewe.

Sasa nileteeni maswali yenu.