Kula Sikukuu kwa Jirani

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Kamati ya Elimu imetuagiza tuseme maneno machache katika siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za pamba, mizani, maghala na madeni, na hesabu zake zimo katika kijitabu hiki. Sisi twataka kunena juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lolote la hesabu, nalo ni desturi yetu ya kwenda kula sikukuu za wenzetu mwaka mzima. Huenda baadhi yenu mkadhani kuwa hili ni jambo la furaha tu, lisilostahili kuchukua saa ya mkutano. Tafadhalini mtusikilize kwanza, kisha mtuhukumu.

Chama chetu kimekusanya watu wa namna nyingi. Wasukuma ndio wengi. Lakini wamo Wakerewe na Wakara waliovuka maji, wamo Wazinza, Wajita na Wahaya. Wamo Wakristo, wamo Waislamu, na wamo washikao mila za mababu. Na tuendapo mjini Mwanza, twauza na kununua kwa Wahindi waliozaliwa papa hapa, wao na baba zao. Watu wote hawa hupima kwa mizani ya namna moja, lakini hawafuati kalenda moja. Na hapo ndipo tulipojikwaa.

Wazee wa Chama wanakumbuka mwaka wetu wa tatu. Halmashauri ilipanga siku ya Mkutano Mkuu bila kuuliza habari za mwezi. Vyama viwili vya msingi vya kando ya ziwa, ambavyo wanachama wake wengi ni Waislamu, vilituandikia barua kutuonya kwamba huenda siku hiyo ikawa Idi. Barua ilifika, ikasomwa, ikawekwa mezani. Mwezi ukaandama, Idi ikawa siku ile ile. Sisi tukafanya mkutano wetu, akidi ikatimia, tukapitisha makato ya kujenga ghala. Kwa sheria hatukukosea. Kwa utu tulikosea sana.

Wenzetu wale walipopata habari walikataa makato. Walisema kwamba wamekatwa fedha na watu waliowangojea waende msikitini ndipo wapige kura. Maneno hayo hayakuwa ya kweli, lakini ni nani angeweza kuwalaumu kwa kuyaamini? Kwa muda wa wiki kadhaa Chama chetu kilikaribia kupasuka vipande viwili. Mwishowe Mwenyekiti na wajumbe wanne walikwenda kwao, wakakaa chini, wakaomba radhi. Mkutano ukaitishwa mara ya pili. Makato yalikuwa yale yale, wala senti moja haikupungua, nayo yakapita kwa kauli moja. Hapo tulitambua kwamba ugomvi haukuwa wa fedha. Ulikuwa ugomvi wa watu waliouziana na kukopeshana miaka mitatu, wala hawajapata kuketi pamoja penye sinia moja.

Katika mkutano ule wa pili tuliazimia mambo matatu. La kwanza, kalenda ya Chama isiandikwe mpaka sikukuu za watu wote zimetazamwa. La pili, kila chama cha msingi kipeleke wajumbe katika sikukuu za wengine, nao waende kwa gharama zao wenyewe, bila kuchota shilingi moja katika mfuko wa Chama. La tatu, waendao waende kama wageni, wala wasitumie nafasi hiyo kuomba kura.

Sasa tuufuate mwaka jinsi unavyozunguka.

Pamba zikianza kuvunwa mwezi Mei, nchi ya Usukuma huanza kusikia ngoma. Hapo karibu na Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, yako Makumbusho ya Bujora, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Huko hufanywa sikukuu ya Bulabo, iliyofungamana na sikukuu ya Kikristo ya Ekaristi Takatifu. Sikukuu hiyo huhesabiwa kutoka Pasaka, kwa hiyo haina tarehe moja. Huangukia mwisho wa Mei au mwezi Juni. Hapo Bagika na Bagalu hushindana, kama walivyoshindana tangu karne ya kumi na tisa, siku za waganga wawili, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Watu hupiga kura kwa miguu yao. Wageni wetu kutoka visiwani walistaajabu kuona kwamba ndugu wa tumbo moja aweza kuwa Mgika na mwenziwe Mgalu, nao jioni wakarudi nyumba moja. Nasi twawaambia: hivyo ndivyo yapasavyo kuwa mashindano ya uchaguzi katika Ushirika.

Huko pia mtaona bugobogobo, ngoma ya jembe. Vijana hurusha majembe na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Asiyejua hudhani ni mchezo mtupu. Mkulima ajua kwamba ngoma hiyo ilizaliwa shambani, vikundi vya vijana vilipokwenda kulimiana kwa zamu. Babu zetu walikuwa na ushirika kabla ya kuwa na cheti cha kuandikishwa.

Julai hutuletea siku yetu wenyewe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo ni Siku ya Ushirika Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1923. Baadaye tarehe 8 Agosti huja Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Katika maonyesho hayo hakuna anayemwuliza mwenziwe kabila. Huulizana habari za mbegu, viuatilifu na bei. Tangu tulipoanza desturi hii, twajitahidi kwenda pamoja katika gari moja, watu wa ziwani na watu wa bara, maana safari huwafundisha watu mengi kuliko maonyesho.

Mwezi Oktoba au Novemba, kwa kufuata mwezi mwandamo, Wahindu huwasha taa za Diwali. Hapa twawaomba mtusikilize vizuri, maana jambo hili lilikuwa gumu kwetu. Babu zetu walipeleka pamba kwa wachambuaji wa Kihindi, na wengi walirudi wakinung'unika juu ya mizani. Manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa vyama vya wakulima katika nchi hii, na kuundwa kwa Victoria Federation mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Basi mfanya biashara mmoja wa mjini alipotualika Diwali, baadhi yetu walisema wasiende. Waliokwenda walikula vyakula visivyo na nyama, wakaona jambo lililowashangaza. Miongoni mwa wafanya biashara wa asili ya Gujarat iko desturi ya kufungua vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali, na vitabu hivyo huombewa baraka. Mjumbe wetu mmoja alirudi akasema kwamba lau makarani wetu wangaliviheshimu vitabu vyao hivyo, wakaguzi wangalikosa kazi. Tangu mwaka ule, vitabu vyetu vipya hufunguliwa mbele ya wanachama.

Novemba mvua hutuita mashambani kupanda, na Desemba huja Krismasi. Waislamu wa kando ya ziwa huja bara, nasi twaangalia kuwa mnyama amechinjwa na Mwislamu, ili mgeni wetu ale kwa moyo mweupe. Hilo si jambo dogo. Mwenye kumwalika mtu chakula asichoweza kula hakumwalika.

Sikukuu za Kiislamu hatuwezi kuzifungia katika mwezi mmoja wa kizungu, kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungua kwa siku kumi na moja hivi. Idi ya Mfungo Mosi, Idi ya kuchinja katika Mfungo Tatu, na Maulidi katika Mfungo Sita huzunguka misimu yote. Mara huwakuta wakipanda, mara wakivuna. Kwa hiyo mwandishi wetu humwendea mwalimu wa msikiti kila mwaka, naye humpa tarehe akiongeza kwamba neno la mwisho ni la mwezi wenyewe. Nasi huacha siku mbili wazi kila upande.

Bwana Mwenyekiti, wapo wanaosema kwamba desturi hii yapoteza wakati na fedha. Kwa upande wa fedha wana haki kuonya. Msimu wa ngoma ndio msimu wa malipo ya pamba, na tumeona baba aliyekwenda ngomani na fedha za mbegu akarudi na kichwa kinachomwuma. Hatuwatumi watu kwenda kulewa. Wapo pia wanaohofu kwamba kula sikukuu ya mwingine ni kuiacha dini yako. Hatujaona hata mmoja aliyebadili dini kwa sababu ya pilau. Mgeni huvua viatu panapovuliwa viatu, hunyamaza panaposaliwa, huomba ruhusa kabla ya kupiga picha kwa simu yake, kisha hurudi kwake alivyo.

Faida yake tuliiona mwaka wetu wa saba. Mnunuzi mmoja alichelewesha malipo, wiki zikapita, na fununu zikaanza kwamba viongozi wa upande fulani wamezila fedha. Maneno kama hayo ndiyo yaliyotaka kutuua mwaka wa tatu. Safari hii wazee wa vyama vile vile viwili vya kando ya ziwa walisema kwamba wawajua watu hao na nyumba zao na watoto wao, kwa hiyo watakwenda kuwauliza kabla ya kuwahukumu. Walikuja, wakafunguliwa vitabu, wakaona stakabadhi, wakarudi kuwaeleza wenzao. Malipo yalipofika, hakuna hata chama kimoja kilichokuwa kimejitoa. Tufahamiane vema: mapenzi hayawi badala ya stakabadhi. Lakini stakabadhi haimfai mtu asiyekubali kuja kuisoma, na aliyewahi kula nyumbani kwako huja.

Basi kwa miaka kumi ijayo twapendekeza haya. Kalenda ya sikukuu zote ibandikwe katika ukuta wa kila ghala, karibu na mizani. Kila chama cha msingi kikipeleka wajumbe wawili katika sikukuu, mmoja wao awe kijana, maana wazee watakwenda zao na desturi itakwenda nao. Wala tusingoje kualikwa tu, bali tualike.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka kumi tumekuwa wageni wa sisi kwa sisi, na Chama kimepona. Mungu awabariki ninyi, mashamba yenu, na nyumba zenu.