Bei ya Tarumbeta Lililotengenezwa kwa Mkono

 

Darasa la Mvumi limetuletea barua. Nasema Mvumi ya wilaya ya Kilosa, siyo Mvumi ya Dodoma yenye hospitali. Watu huzichanganya mara kwa mara. Barua hii imeandikwa na mwanafunzi mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka, nami nimefurahi kuisoma. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la kikundi kinachopiga matarumbeta katika harusi. Vyombo si vyao, hukodi. Sasa amewajia mchuuzi kutoka Dar es Salaam na matarumbeta matatu ya zamani. Anasema yalitengenezwa kwa mkono huko Ujerumani, na kila moja anataka shilingi 450,000. Fedha wanazo, zimetokana na mpunga wa mwaka mzima. Wanauliza: tununue? Swali la pili ni la fundi bati wa hapo hapo Mvumi. Yeye ametengeneza baragumu la shaba kwa ajili ya bendi ya shule, akaliuza shilingi 120,000. Mwenziwe anamwambia ya kuwa amepunjwa. Anauliza kama ni kweli.

Nitaanza na fundi, ingawa yeye aliuliza wa pili. Mtu hawezi kujua bei ya chombo kilichokwisha tumika kama hajui kilichomo ndani ya chombo kipya.

Kwanza shaba yenyewe. Shaba ya manjano ya matarumbeta ni mchanganyiko. Huchukuliwa shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme, ikayeyushwa pamoja na zinki, ile inayopakwa juu ya mabati ya nyumba yasipate kutu. Kwa kawaida ni sehemu 70 za shaba nyekundu kwa sehemu 30 za zinki. Shaba nyekundu huchimbwa kwa wingi Zambia na Katanga, lakini bei yake hufuata soko la dunia, kwa kuwa kila nchi yaitaka kwa umeme. Ndiyo sababu bamba la shaba ni ghali hata dukani Morogoro, na ndiyo sababu hata tarumbeta lililovunjika lina bei yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Sasa kazi. Fundi hukata bamba kwa kielelezo, hulikunja, huunga kingo zake kwa kulehemu, kisha huligonga juu ya chuma chenye umbo la kinywa cha baragumu mpaka lipanuke kama ua. Shaba ikigongwa huwa ngumu na hutaka kupasuka, kwa hiyo hana budi kuipasha moto ilainike, kisha agonge tena, kisha moto tena. Bomba likitakiwa kupinda, hujazwa risasi au lami kwanza, lisije likajikunja kama mrija wa mpapai. Baadaye lami hiyo huyeyushwa ikatoka. Kazi hii haiharakishwi.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila fundi aweke zake.

Bamba la shaba, shilingi 60,000. Kulehemu na mkaa, 12,000. Nauli ya kwenda Morogoro na kurudi, 10,000. Kipulizio, yaani kile kipande cha kuwekea mdomo, alichochongewa na fundi wa kereza, 15,000. Jumlisheni. Mmepata 97,000. Hizo ni fedha zilizotoka mfukoni. Nyundo na tupa nazo huchakaa, na siku moja zitanunuliwa nyingine, tuweke 5,000. Sasa ni 102,000. Aliuza 120,000. Amebakiwa na 18,000.

Lakini alifanya kazi siku sita. Gawanyeni 18,000 kwa sita. Ni shilingi 3,000 kwa siku. Je, kibarua wa kupalilia mpunga hapo kwenu angekubali kushika jembe kwa shilingi 3,000?

Fundi wetu aliona bamba la 60,000 limeleta 120,000, akadhani amepata faida mara mbili. Hesabu ya namna hii, ya kuongeza bamba mara mbili, nimeikuta kwa mafundi wengi, wa mbao na wa bati pia. Ni hesabu nyepesi kichwani, na inawala. Haihesabu nauli, haihesabu mkaa, na siku za mtu inazihesabu kuwa si kitu.

Kama ataweka siku zake kuwa 10,000 kila moja, siku sita ni 60,000. Ongezeni juu ya 102,000, mtapata 162,000. Hapo bado hajapata faida. Amelipwa kama kibarua tu. Akiongeza sehemu moja ya kumi, 16,200, jumla ni 178,200. Bei ya haki, basi, ni kama 180,000. Mwenziwe alisema kweli, amepunjwa. Lakini aliyempunja ni kalamu yake mwenyewe, maana shule ililipa alichotaja.

Wako watakaosema, “Na mnunuzi akikataa 180,000?” Anaweza kukataa. Viwanda vya ng'ambo hutoa mabaragumu kwa mashine, mengi kwa siku moja. Katika mji wa Meerut, India, wako mafundi wanaotengeneza vyombo vya bendi kwa mkono tangu zamani za utawala wa Mwingereza, mtaa mzima ukigonga shaba, nao hununua bamba kwa shehena. Fundi mmoja wa Mvumi hashindani nao kwa bei. Ningekuwa yeye, ningetengeneza mabaragumu kwa wanaoyaagiza na kulipa arubuni tu, nami ningetia nguvu zangu katika kurekebisha vyombo vilivyobonyea na kuachia. Tarumbeta la harusi huanguka kila mara, na Meerut ni mbali.

Jambo jingine, apige chapa ya jina lake kwenye kinywa cha baragumu. Mafundi wa mji wa Nürnberg, Ujerumani, ambao miaka 400 iliyopita walisifiwa Ulaya nzima kwa matarumbeta, walipiga majina na alama zao ukingoni mwa kila chombo. Baragumu likiuzwa tena Dodoma kwa shilingi 250,000, fundi hapati hata senti ya bei ile, wala hana haki ya kudai; mchuuzi amelipa nauli, amelipa kibanda, amengoja mteja miezi. Lakini jina likiwapo, mnunuzi wa Dodoma atajua pa kuagiza jingine.

Sasa nanyi wa kikundi.

Ghali ya shaba si jambo jipya katika muziki wa nchi zetu. Ngoma ya beni ilianza pwani, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi. Ikaja Tanga na Dar es Salaam, vikazaliwa vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi na kwa sauti, na wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na baada yake askari na wapagazi wakaieneza bara. Wengi huko bara hawakuweza kununua matarumbeta ya shaba. Wakachukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaziba kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake, na sauti ikatoka yenye kukwaruza kama ya shaba. Huko Nyasa hata leo utakuta vibuyu hivyo katika mganda. Nasema haya ili mjue kwamba kikundi kisicho na shaba si kikundi duni. Msinunue kwa aibu.

Je, yaweza kuwa kweli ya kwamba matarumbeta hayo ni ya Ujerumani? Yaweza. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha bendi za matarumbeta katika makanisa ya Kilutheri, kama vile Kilimanjaro na Bukoba, na vyombo vya zamani vingali vikizunguka. Lakini maneno “kwa mkono” hayaongezi bei peke yake. Mkono uko wa bingwa na uko wa mwanafunzi wa kwanza. Tazameni ndani ya kinywa kipana, mtaona mstari mwembamba wa muungo na pengine alama za nyundo. Hiyo ni dalili ya mkono, si dalili ya ubora.

Ubora mtautafuta hivi. Shikeni pistoni, vile vitufe vitatu. Kila kimoja kishuke na kupanda bila kukwama. Uwazi kati ya pistoni na nyumba yake ni mwembamba kuliko unywele. Ukipanuka kwa kulika, pumzi huvuja na sauti huwa hafifu. Bila kubonyeza pistoni, vuteni taratibu kile kibomba kidogo cha pembeni mpaka kichomoke. Kikilia “pa!” kama kizibo cha chupa, hewa haivuji. Kikitoka kimya, pistoni zimelika. Mtengenezaji wa kweli wa jambo hilo si rahisi kumpata, na ujira wake waweza kupita bei ya tarumbeta. Hapo mshukuruni mchuuzi, mwende zenu.

Kisha tazameni rangi. Ukijani juu ya shaba ni uchafu tu, hufutika. Lakini madoa mekundu, hasa kwenye bomba lililo karibu na mdomo, ni ugonjwa. Zinki imetoka katika mchanganyiko, imebaki shaba nyekundu yenye vitundu kama mbao iliyoliwa na mchwa, na siku moja bomba litatoboka. Tarumbeta lililopakwa rangi mpya juu, mlitilie shaka mara mbili. Angalieni pia namba 1, 2 na 3 juu ya pistoni; zikiwa za maumbo tofauti, chombo kimeungwa kutoka katika vyombo viwili.

Na jambo ambalo wachuuzi wengi hawalijui. Vyombo vya zamani vya bendi za Kiingereza vilipangwa kwa sauti ya juu kuliko ya sasa, na vilitumika hivyo huko Uingereza hata miaka ya 1960. Tarumbeta kama hilo litapuliza vizuri likiwa peke yake. Likiwekwa pamoja na kinanda cha leo, harusi nzima itageuka kutazama. Kwa hiyo pigeni pamoja na chombo mnachokiamini kabla ya kulipa.

Tuseme la kwanza ni zima. Semeni 450,000 na mjaribu kushuka. La pili limebonyea na viungo viwili vimeachia. Fundi wenu wa Mvumi atalirekebisha kwa 40,000. Toeni hizo, toeni na 10,000 kwa mashaka yasiyoonekana, mwambieni 400,000. La tatu lina madoa mekundu. Hilo lina bei ya chakavu na ya vipande vyake. Tarumbeta lina uzito kama kilo moja. Ulizeni kilo ya shaba chakavu Kilosa ni kiasi gani, nanyi mtajua sakafu ya bei yake.

Bado hatujauliza kama yafaa kununua. Tuseme mnakodi matatu kwa 90,000 kila harusi. Matatu mazima mtayapata kwa 1,350,000. Mkiwa na yenu, mafuta ya pistoni na marekebisho tuyaweke 6,000 kwa harusi, kwa hiyo mnaokoa 84,000. Gawanyeni 1,350,000 kwa 84,000. Ni 16 na kidogo, basi ni harusi 17 kabla fedha ya mpunga haijarudi. Kama mnapata harusi tisa kwa mwaka, nyingi zikija baada ya mavuno, ni karibu miaka miwili. Mimi naona yafaa, ikiwa kikundi hakitavunjika kabla ya hapo. Kikivunjika, mtauza, na mtauza kwa chini.

Kwa hiyo andikeni sasa, kabla ya kununua: chombo ni cha kikundi au cha anayekipuliza? Mtu akiondoka apewe nini? Nani atakaa na ufunguo wa sanduku? Karatasi moja yatosha, kila mmoja atie sahihi yake, nanyi sasa mnaweza kutia sahihi.

Mchuuzi naye aandike. Jina lake, mahali anapokaa, alikolipata kila tarumbeta, namba iliyochongwa ubavuni, na tarehe. Vyombo vya shule na vya makanisa huibwa, na sheria humkamata mwenye kupokea mali ya wizi pamoja na mwizi. Akikataa kuandika, amekwisha kuwajibu. Na awape siku tatu za kujaribu, mkiacha arubuni. Hamlazimiki kumsubiri yeye pia. Tangu mwaka 2024 reli mpya hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ina kituo. Watu wawili wanaweza kwenda kuuliza bei za wengine kabla hawajafungua mkoba.

Zoezi la juma hili ni la fundi, lakini wote mlifanye. Safari hii amenunua bamba mbili kwa nauli moja, kwa baragumu mbili. Mkono umezoea, kila baragumu limechukua siku tano badala ya sita. Gharama nyingine za kila baragumu ni zile zile zilizo ubaoni. Tafuteni gharama ya baragumu moja pamoja na ujira wake, kisha ongezeni sehemu moja ya kumi. Jibu tutalisoma juma lijalo. Kwaherini.