Kipima Oksijeni cha Kidole: Namba Yake Isomwe Vipi

(Maelezo yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi wilayani Kilwa)



Nimeombwa kueleza kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni mwa mgonjwa na kuonyesha namba mbili. Moja ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ya pili, yenye alama ya asilimia, ni kiwango cha oksijeni katika damu. Hiyo ya pili husaidia kuamua kama mtoto mwenye nimonia atatibiwa zahanati au atapewa rufaa.

Kipimo kilicho sahihi zaidi ni cha damu inayotolewa kwenye ateri na kupelekwa maabara, lakini hakipatikani katika zahanati zetu. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, aliwasilisha njia ya kupima bila kutoboa ngozi. Kifaa hupitisha kidoleni mianga miwili: mmoja mwekundu, mwingine usioonekana kwa macho. Damu iliyobeba oksijeni huunyonya kidogo ule mwekundu. Iliyopungukiwa huunyonya zaidi. Kwa kulinganisha mianga inayofika upande wa pili kila moyo unapopiga, kifaa hukokotoa asilimia.

Hapa pwani, mtu mwenye afya huwa na asilimia 95 hadi 100. Mtoto mwenye nimonia akishuka chini ya 90, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza apewe oksijeni hospitalini.

Hata hivyo, namba hiyo yaweza kupotosha, nami nataja sababu nne.

Kwanza, kidole chenyewe. Rangi ya kucha, piko, au ubaridi wa vidole vya mvuvi aliyetoka majini huweza kuharibu kipimo. Futa kucha, pasha mkono joto, mtulize mgonjwa, kisha subiri namba itulie. Kwa mtoto mchanga tumia kifaa cha kipimo chake, kifungwe mguuni.

Pili, moshi. Aliyelala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huvuta hewa ya sumu inayokalia nafasi ya oksijeni katika damu. Kifaa hakitofautishi viwili hivyo. Kitaandika namba nzuri ilhali mgonjwa yumo hatarini.

Tatu, upungufu wa damu, ambao malaria huuleta mara kwa mara. Kifaa hupima sehemu, si wingi. Majahazi kumi yakitia nanga Kilwa Masoko yote yakiwa yamesheheni, hiyo ni asilimia 100. Lakini ikiwa mji ulihitaji majahazi mia, watu watalala njaa.

Nne, rangi ya ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuubaini ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Jambo hili latuhusu sisi moja kwa moja.

Kwa hiyo, namba mbaya iaminiwe haraka, na namba nzuri isitufumbe macho. Hesabuni pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua kwa kasi na apelekwe kituoni. Kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya au kunywa, apewe rufaa mara moja hata kama kifaa kimeandika 97. Wala msingoje midomo igeuke rangi ya buluu. Juu ya ngozi nyeusi dalili hiyo ni vigumu kuiona, na huja kwa kuchelewa.

Nasisitiza kuwahi kwa sababu ya jiografia yetu. Mgonjwa wa Songosongo huvuka bahari kabla ya kufika Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, na kusi ikivuma chombo hakiondoki kwa saa tuitakayo. Saa moja iliyopotea kwa kuridhika na namba haiwezi kurudishwa baharini.

Ninawaomba wazazi mwulize kila mara mtoto anapopimwa: namba ni ngapi, na maana yake ni nini? Nanyi watoa huduma, jibuni kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mwiandike namba hiyo kwenye kadi.